Ukurasa wa Pili

Hakuna kitu kilichompandisha mori Mama Jalada kama barua pepe isiyo na kichwa cha maana. Mtu mzima, ana ofisi, ana kiti cha kuzunguka, anaandika kichwa "Habari", halafu ndani anaomba pampu mbili na kibali cha kuchimba barabara. Mwingine anaandika "Muhimu", kesho yake "Muhimu sana", keshokutwa "Lile jambo". Jambo lipi? Na wapo waliokuwa kiboko: wanachukua barua ya miaka miwili nyuma iliyohusu likizo ya uzazi, wanabonyeza kujibu, wanatumbukiza humo taarifa ya mabomba yaliyopasuka. Kisha watu arobaini wanajibu "Asante", "Asante", "Imepokelewa", na lazima awepo mmoja wa kuuliza "Hii ni ya nini?" Sasa wewe uliyeajiriwa kutunza kumbukumbu za mamlaka ya maji uzipange hizo. Uzipange wapi, jamani?

Mama Jalada ndiye aliyekuwa mkuu wa masjala. Jina hilo alipewa na madereva, likamganda, hata mkurugenzi akawa analitumia. Chumba chake kilikuwa ghorofa ya chini, mwisho wa korido, rafu za chuma kutoka sakafuni mpaka darini, na meza moja ambayo huruhusiwi kuweka kikombe juu yake hata uwe nani. Miaka ishirini na minane alikuwa humo. Alikuwa amebakiza miezi mitatu astaafu, na alitaka atoke kichwa juu, watu waseme huyu mama hakupoteza hata karatasi moja.

Barua pepe zilipoingia ofisini, miaka sita nyuma, alizitazama kwa jicho la pembeni. Halafu akaweka sheria. Kila barua pepe ya kazi iprintiwe, iletwe masjala, apige muhuri, aipe namba yake ya mpangilio, yaani folio, aitie kwenye jalada lake. "Kompyuta ikizima utafanya nini? Karatasi haizimi," alikuwa akisema, na aliyebisha alisimamishwa mlangoni mpaka akome. "Kisicho na folio mimi sikitambui." Watu walinung'unika, lakini waliprinti. Kwa hilo alijivuna, tusifichane.

Na katika kuprinti huko kulikuwa na jambo moja lililomkera. Barua yenyewe inaenea ukurasa mmoja, lakini mashine inatema na wa pili: juu mstari wa tarehe na anwani, chini yake namba za simu za mtu, maneno ya kukuomba uhurumie miti, na takataka nyingine ndogondogo. Karatasi nzima nyeupe kwa ajili ya mistari minne! Mama Jalada alikuwa mkono wa birika kwa vitu vya ofisi. Ukurasa wa pili akawa anauchomoa, anaukata vipande viwili kwa mashine ya kukatia karatasi, anavipiga pini pembeni, unapata kidaftari safi cha kuandikia upande wa nyuma. Ofisi nzima ilitumia vidaftari vya Mama Jalada. Makatibu, madereva, walinzi, mpaka mkurugenzi. Majalada yake nayo yakawa membamba, yamenyooka, raha kuyatazama.

Basi Jumatatu moja asubuhi fundi mkuu wa pampu akaingia masjala, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Mbona umesawijika hivyo?"

"Alhamisi nakaa mbele ya kamati, Mama. Wanasema nyumba ya pampu namba tatu imezama kwa uzembe wangu. Nikishindwa kujitetea, namwaga unga."

Habari ya namba tatu hakuna asiyeijua. Mwezi mmoja nyuma bomba kubwa linalotoka kwenye pampu lilipasuka, maji yakavunja ukuta, pampu mbili zikazama, na nusu ya mji ikakaa siku tisa bila tone. Watu walikuja na ndoo tupu mpaka kwenye ngazi za ofisi wakizigonga. Lazima apatikane wa kubeba lawama, na macho yote yakamgeukia fundi.

"Mimi niliwaonya," fundi alisema. "Miezi mitatu kabla. Niliona ufa kwenye lile bomba, nikapiga picha tatu, nikamtumia Meneja Ufundi kwa barua pepe. Leo meneja anasema hakuna picha aliyoiona. Anasema nilikuwa namlilia paa la karakana linalovuja."

"Picha si zipo kwenye simu yako?"

"Simu ilikuwa kwenye koti nililolitundika mle ndani siku maji yalipoingia. Nilitoka na roho yangu tu."

"Basi tulia," Mama Jalada alisema, na hapo alikuwa tayari ameshainuka, maana hiyo ndiyo siku aliyokuwa akiingojea miaka sita. Karatasi haizimi! Hakupekua hata dakika mbili. Jalada la karakana, folio sitini na moja, tarehe ya miezi minne nyuma, muhuri wake umekaa sawasawa kwenye pembe. Aliliweka mezani kwa madaha kama mtu anayetandika kitanda cha mgeni.

Wakasoma wote wawili. "Mkuu, salaam. Hali niliyokueleza ni kama unavyoiona kwenye viambatisho. Naomba tusichelewe. Ahsante."

Basi. Hakuna kingine.

"Hali gani?" Mama Jalada aliuliza.

"Ya ufa."

"Sasa mbona hukuandika ufa?"

"Mama, mimi ni mtu wa spana. Picha zilikuwa zinajieleza."

"Kichwa cha barua umeandika 'Taarifa'! Taarifa ya nini? Ya msiba? Ya harusi?" Sauti ilikuwa imempanda, karani wake aliyekuwa pembeni akainamisha kichwa. "Nimeimba miaka sita, andikeni vichwa vinavyoeleweka, andikeni vichwa vinavyoeleweka. Mnaniona nina wazimu."

 Fundi alikuwa anaizungusha kofia yake polepole, na Mama Jalada akaitazama. Hasira ikamtoka, ikabaki hofu. Kwa barua hii, meneja angesema ni paa na lingekuwa paa.

Akapanda ngazi mpaka ghorofa ya tatu, magoti yakimlalamikia, kwa mtu aliyekuwa hampendi. Huyo ni mtaalamu wa kompyuta, bwana mmoja mwenye kipara na sauti ndogo, ambaye ofisi ilimwita Bwana Nywila kwa sababu kila ukikutana naye anakuuliza kama umebadilisha nywila yako. Walikuwa na ugomvi wa muda mrefu. Yeye alitaka barua zitunzwe hukohuko kwenye mtambo, zipangwe, ziwekewe muda wa kukaa na muda wa kufutwa. Mama Jalada alikuwa amemwambia wazi kwamba masjala haiendeshwi kwa umeme.

"Nataka barua ya fundi wa pampu," alisema bila kukaa. "Ile yenye picha. Ya miezi minne iliyopita."

Bwana Nywila alivua miwani. "Haipo."

"Itafute kwanza ndipo useme haipo!"

"Mama, tulipohamia mtambo mpya, miezi miwili iliyopita, masanduku yote ya zamani ya barua pepe yalifutwa. La meneja, la karakana, yote."

"Yalifutwa kwa amri ya nani?"

Hapo Bwana Nywila akafungua droo. Hakufanya kwa kumkomoa, hilo Mama Jalada alilikiri baadaye. Alifungua taratibu kama anayeona aibu kwa niaba ya mwenzake. Akatoa karatasi. Ilikuwa dokezo, limepigwa chapa vizuri, lina namba ya kumbukumbu na muhuri. "Barua pepe zote za kazi zimeprintiwa na zimehifadhiwa katika majalada. Masjala haina pingamizi masanduku ya zamani kufutwa." Chini yake saini. Saini ile aliijua vizuri, mkia wake mrefu aliuiga kwa marehemu baba yake.

"Nilikuuliza mara mbili," Bwana Nywila alisema. "Mara ya kwanza ukaniambia nisikufundishe kazi. Mara ya pili ukaniletea hii."

"Lakini hukuniuliza viambatisho!"

"Nilidhani vinaprintiwa na barua."

"Na mimi nilidhani ukiprinti barua umeprinti barua! Nani aliniambia kuna vitu vinabaki ndani?" Alipiga meza kwa kiganja. "Miaka sita watu wananiletea karatasi zimeandikwa 'tazama kiambatisho', 'tazama kiambatisho', nami napiga muhuri. Napiga muhuri, bwana!" Akakaa chini bila kukaribishwa. Barua ngapi kule chini zilikuwa zinamwelekeza mtu atazame kitu ambacho hakipo? Hakutaka hata kukisia.

Bwana Nywila alimsogezea glasi ya maji. 

"Lakini si kila kitu kimepotea," alisema. "Mtambo wa zamani ulikuwa unaorodhesha majina ya viambatisho mwishoni mwa barua. Kama fundi alizipa picha zake majina, yatakuwa yametoka kwenye karatasi. Angalia ukurasa wa mwisho."

"Ukurasa wa mwisho."

"Ndiyo. Mara nyingi huwa wa pili, una mistari michache tu."

 Mama Jalada alishukuru, akatoka, akashuka ngazi akishika ukuta. Takataka ndogondogo! Kumbe ndizo.

Fundi alikuwa bado anamngoja masjala. "Zile picha," Mama Jalada alimuuliza, "ulizipa majina?"

"Nilizipa, Mama. Si wewe mwenyewe ulitugombeza kwenye yale mafunzo, kwamba mtu asitume kitu kisicho na jina?"

 Mama Jalada akamwambia arudi kazini, atamwita. Hakumwambia kwa nini.

Jioni hiyo nyumbani alikwenda moja kwa moja jikoni, akakitoa kidaftari kilichotundikwa msumarini pembeni ya kabati, akaanza kukichana karatasi moja moja na kuzigeuza. Mumewe, mwalimu mstaafu, alimkuta amezitandaza juu ya meza yote, sufuria imesogezwa sakafuni.

"Leo umegeuka panya, mke wangu?"

Akamsimulia. Alipofika kwenye saini, alilia, kilio cha hasira, anajifuta kwa ncha ya kanga huku anaendelea kugeuza karatasi. Zote zilikuwa za miaka mingine.

Mwalimu alisikiliza mpaka mwisho. "Nani mwingine anajua habari ya hivyo vidaftari?"

"Kila mtu anavyo. Hakuna anayejua ni nini."

"Basi nyamaza. Umebakiza miezi mitatu. Yule fundi ana mdomo, ajitetee mwenyewe. Ukisimama mbele ya kamati ukasema masjala ilikuwa inachana kumbukumbu kwa mashine, watakuaga vipi?"

 Mama Jalada hakumkasirikia, kwa sababu neno lilelile alikuwa amejiambia mwenyewe njia nzima akirudi. Aliwaza ile sherehe ya kuagwa, hotuba ya mkurugenzi, madereva wakipiga vigelegele vya utani. Halafu akaikumbuka ile kofia inayozungushwa. Hakula usiku huo.

Jumanne na Jumatano alizunguka jengo zima akiomba vidaftari. Alisema anavifanyia hesabu ya vifaa. Hebu fikiria mama wa miaka hamsini na tisa anaingia chumba hadi chumba kukusanya karatasi chakavu! Katibu wa mkurugenzi alikuwa amechora maua kwenye kila ukurasa, hakuna neno hata moja la kazi. Dereva wa lori alikuwa ameandika majina ya kumpa mtoto anayetarajiwa, ameyafuta yote isipokuwa moja la mama mkwe. Meneja Ufundi alimpa chake bila kumtazama, huku anaongea na simu. Kilikuwa kipya, hakijaandikwa chochote. Wengi walimwambia vimeshakwisha, wametupa.

"Mmetupa!" alifoka kwa wahasibu. "Mnatupaje karatasi za ofisi?"

"Mama, si ulisema ni za kuchorachora tu?"

Alitoka akiuma meno. Nani wa kumgombeza sasa? Kila mlango aliougonga, kosa lilimngoja ndani likiwa na sura yake.

Jumatano saa tisa alikuwa amebakiza mahali pamoja, geti. Mlinzi mkuu alikuwa mzee mkavu aliyeitwa Afande, ingawa hakuwahi kuwa askari. Kazi yake ilikuwa kuandika namba za magari yanayoingia na kutoka.

"Afande, vile vidaftari ninavyokupa, vikijaa unavifanyia nini?"

"Natunza."

"Unatunza vipi?"

Afande akainama chini ya kiti chake, akavuta boksi la viatu, kisha la pili, kisha la tatu. Vidaftari vilikuwa vimefungwa mpira kwa miezi, na kila kimoja juu yake kimeandikwa tarehe ya kwanza na ya mwisho kwa mwandiko wa herufi kubwa.

"Nani alikuambia utunze?" Mama Jalada aliuliza.

"Hakuna aliyeniambia. Niliona siku moja mtu anaweza kuuliza gari gani liliingia. Nikivitupa nitamjibu nini?" Alimtazama kwa wasiwasi. "Nimekosea?"

"Hujakosea, kaka yangu," alisema. Akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, akaanza kugeuza.

Alikipata kwenye boksi la pili. Upande mmoja: gari jeupe, limeingia saa tatu na robo, limetoka saa tano. Upande wa nyuma, juu, anwani ya karakana, tarehe ya barua, na maneno ukurasa wa pili kati ya mbili. Chini yake: viambatisho vitatu. Ufa bomba kubwa pampu tatu, picha ya kwanza. Ufa bomba kubwa pampu tatu, picha ya pili. Ufa unavuja, haraka. Mama Jalada alikishika kipande kile kwa mikono miwili na kusema "Lo, lo, lo," hata Afande akadhani amepata habari mbaya.

Alhamisi saa nne kamati ilikaa ukumbi wa juu. Mwenyekiti alikuwa mwanamke aliyeletwa kutoka makao makuu, mwenye kuongea taratibu. Fundi alikuwa amevaa shati la kuazima, kola imemzidi. Meneja Ufundi alieleza habari ya paa, akaeleza vizuri, akakaa. Kisha Mama Jalada akaitwa kama shahidi wa majalada. Akaweka mezani folio sitini na moja, na juu yake kile kipande cha karatasi.

Mwenyekiti alisoma upande mmoja, akakigeuza, akasoma magari, akakigeuza tena. Kikapita mkono hadi mkono. Meneja kilipomfikia alikitazama muda mrefu, kisha akaanza kutafuta kalamu iliyokuwa mbele yake.

"Hili linatosha kwa fundi," Mwenyekiti alisema hatimaye. "Alionya, na aliyeonywa anajulikana." Fundi akafunika uso kwa viganja. "Lakini sielewi. Ukurasa wa barua ya ofisi umefikaje kwenye daftari la geti?"

Mama Jalada alikuwa amelala na jibu lililo tayari. Kwamba ulichomoka kwa bahati mbaya, kwamba karani alichanganya. Wangemwamini, hakuna ambaye asingemwamini. Alimtazama fundi, akamtazama Bwana Nywila aliyeketi nyuma na faili yake, mdomo ameufunga, hana nia ya kusema lolote. Akafungua mkoba, akatoa nakala ya lile dokezo lenye muhuri.

"Niliuchomoa mimi," alisema. "Nikaukata kwa mashine, nikatengeneza kidaftari. Niliona ni karatasi tupu inayoharibika. Na hizo picha zenyewe hazipo popote, zimefutwa kwenye mtambo. Ruhusa nilitoa mimi, saini hii ni yangu. Bwana huyu aliniuliza mara mbili, nikamtolea maneno."



"Kurasa kama hii," Mwenyekiti aliuliza, "kwa miaka sita, ulichomoa ngapi?"

Mama Jalada alisimama wima, mikono ameishusha ubavuni kama mtoto wa shule.

"Zote, Mwenyekiti."

Katibu wa kamati alikuwa anaandika kwenye kimojawapo cha vile vidaftari. Aliposikia hivyo kalamu yake ikasimama, akaigeuza karatasi kuona nyuma yake kumeandikwa nini.